Sabuni Nayo Huisha

Binti yake alipompigia simu Jumapili asubuhi na kumwambia, "Mama, njoo. Nimechoka," Mwalimu hakuuliza amechoka na nini. Kwa miezi mitano alikuwa akipata habari kwa vipande: leo mume hakufungua duka, jana alilala mchana kutwa, juzi wateja walikuja juu. Akashusha begi kubwa la safari kutoka juu ya kabati, akapanga nguo zake upande mmoja, upande wa pili akauacha mtupu kwa ajili ya vitu vya binti na mjukuu. Hakuwa anakwenda kusuluhisha. Alikuwa anakwenda kuchukua chake.

Watu waliendelea kumwita Mwalimu ingawa huu ulikuwa mwaka wa sita tangu astaafu. Alifundisha hesabu miaka thelathini na minne, na tabia ya darasani ilikuwa imemganda: hapendi maelezo marefu, anapenda jibu. Mtu mzima, mwenye afya yake na kazi yake, asiyeamka asubuhi, kwake lilikuwa swali jepesi. Jibu lake ni uvivu.

Kilichomkera ni kwamba jibu hilo halikulingana na mtu aliyemjua. Mkwewe alikuwa dobi, tena dobi wa kusifiwa. Katika miaka tisa ya ndoa ile, Mwalimu hakuwahi kumkuta amekaa bure. Alisimama kwenye meza yake ya kupigia pasi tangu asubuhi, taulo begani, akipiga soga na kila anayepita. Suruali ikitoka mikononi mwake, mkunjo wake ungeweza kukata karatasi. Alipenda kusema kwamba mtu anaweza kumficha mkewe na mkuu wake wa kazi, lakini kola haimfichi kitu dobi. Ndiye aliyempa bintiye mdogo jina la Kifungo, kwa udogo wake na kwa kupenda kwake kupotea chini ya meza.

Mwalimu alifika kesho yake saa tisa mchana. Duka lilikuwa mbele, nyumba nyuma, na katikati mlango wenye pazia. Ndani ya duka mafurushi ya nguo yalikuwa yamerundikana hadi usawa wa dirisha, kila furushi na karatasi yake ya namba iliyobanwa kwa pini. Mengine yalikuwa yameanza kutoa harufu ya uvundo. Pasi mbili zilisimama mezani, baridi. Kalenda ya ukutani ilikuwa imekwama kwenye mwezi uliokwisha zamani.

Binti yake alimpokea uani. Alikuwa karani wa shule, ndiyo kwanza arudi kutoka kazini, na hata viatu hajavua. Alikuwa amekonda mpaka saa ya mkononi inamzunguka.

"Yuko wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Amelala."

"Saa tisa hii?"

"Mama, shusha sauti."

Mwalimu alishusha sauti, lakini si maneno. "Ana mwanamke?"

"Hata mimi nilidhani hivyo. Nikampekua simu nzima. Hakuna kitu, mama. Hata rafiki zake hawampigii tena. Angekuwa na mwanamke ningejua la kufanya."

Wakakaa kwenye ngazi ya jikoni, na binti akaeleza mfululizo kile alichokuwa akikimega kwenye simu. Ilianza na usingizi. Mume akawa anaamka kabla hakujapambazuka na kukaa kitandani akitazama ukuta. Kisha chakula, akawa anakula kama mtu anayetafuna karatasi. Kisha soga zikamwisha. Siku moja aliacha pasi juu ya koti la mteja mpaka likatoa moshi, naye amesimama hapo hapo, anatazama. Tangu siku hiyo akawa anaiogopa meza yake mwenyewe. Hakuwa amefiwa, hakuwa amegombana na mtu, hakuna lililotokea ambalo mtu angelinyooshea kidole. Majirani wengine walisema karogwa, wengine walisema kadekezwa.

Jioni dobi alitoka chumbani kumsalimia mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mwalimu alimtazama. Ndevu zilikuwa zimejiotea. Shati lake, shati la dobi, lilikuwa limekunjamana kama limetolewa mdomoni mwa mbuzi. Mwalimu alimwonyesha kiti, akamsubiri akae, kisha akamsomea somo lake alilolitunga njiani. Alimwambia hakuna asiyechoka duniani. Alimwambia kuna watu wamelala hospitali hawana miguu na bado wanacheka. Alimwambia ana mke, ana mtoto, ana kazi ya mikono yake. Sasa anataka nini tena?

"Mwanamume anajikaza kisabuni," akamalizia.

"Ndiyo, mama."

"Kesho nataka kusikia pasi."

"Ndiyo, mama."

Kesho yake pasi ilisikika. Dobi alinyoosha mashati sita, polepole, jasho likimtiririka kama mtu anayesukuma gari. Uani, Mwalimu alimwambia binti yake aliyekuwa akijiandaa kwenda kazini, "Unaona? Alitaka kusemwa tu. Nyinyi mmemlea." Binti alichukua mkoba wake akaondoka. Ilipofika saa tano pasi ikanyamaza. Dobi alirudi kitandani, akajifunika shuka hadi kichwani, na hakuamka siku hiyo wala iliyofuata. Kifungo alipomletea picha aliyoichora shuleni, baba yake aliitazama kidogo, kisha akageukia ukutani.

Mtoto akatoka na picha yake. "Bibi," akasema, "baba amenichoka."

Mwalimu alimvuta akampakata. "Hapana, mke mwenzangu. Baba hajakuchoka. Baba anaumwa."

Neno lilimtoka lenyewe. Alipolisikia, alishtuka kuliko mtoto.

Alhamisi alikuja mpishi mmoja wa hospitali kudai sare zake mbili, na hakuwa na sura ya mtu anayetaka kuambiwa arudi kesho. Mwalimu alimwambia arudi baada ya saa tatu. Akafungua dirisha la duka, akatafuta furushi lenye namba ile, akafua zile sare kwa mkono, akazikamua, akazianika juani, na zilipokaribia kukauka akachomeka pasi. Alikuwa amepiga pasi maisha yake yote, lakini nguo ya mteja ni nyingine. Kila aliponyoosha upande mmoja, upande wa pili ulijikunja kwa kiburi.

"Mama, kola inaanzwa nchani, unakwenda katikati."

Dobi alikuwa amesimama kwenye pazia, shuka begani. Inaelekea harufu ya pasi ilimfikia kitandani. Mwalimu alifanya kama alivyoelekezwa, na kola ikalala vizuri. Hakumsifu kwa kuamka, wala hakumwambia ashike pasi yeye. Alimsogezea kigoda kwa mguu, naye dobi akakaa. Sare ya pili ilipofika kwenye mikono, Mwalimu aliuliza bila kuinua macho.

"Hebu niambie, mwanangu. Ni kitu gani hasa?"

Mwalimu, ambaye darasani hakuwahi kumpa mwanafunzi zaidi ya nusu dakika, alisubiri.

"Sijui, mama. Ndiyo maana siwezi kueleza. Kama ningekuwa na huzuni ya kitu, ningelia, yaishe. Sina huzuni. Sina kitu chochote. Namtazama mwanangu, najua nampenda, lakini ule upendo siusikii. Kunyanyua mguu kutoka kitandani ni kazi ya siku nzima. Halafu najichukia kwa kushindwa kunyanyua mguu." Akaivuta shuka begani. "Uliniambia nijikaze kisabuni. Mama, mimi ni dobi, sabuni naijua. Inajikaza, ndiyo. Lakini sabuni nayo huisha. Nimejikaza miezi yote hii, na sasa naona kama imebaki ile ngozi nyembamba ambayo hata mkononi haishikiki."

Mwalimu aliendelea kupiga pasi mkono ule ule, uliokwisha kunyooka.

"Wakati mwingine naona," dobi akasema, "mngepumua vizuri kama mimi nisingekuwepo."

Hapo Mwalimu alisimamisha pasi, akachomoa waya. Aliyajua maneno hayo yanakoelekea, na akajua pia kwamba akiyapita kama hakuyasikia, hatayasikia tena. Akapiga moyo konde.

"Nitakuuliza kitu kwa uwazi, na chochote utakachonijibu sitakukasirikia. Unafikiria kujiua?"

Dobi alitazama mikono yake. "Siku nyingine wazo linakuja. Sijapanga lolote. Linakuja tu, halafu linaondoka."

"Leo limekuja?"

"Leo hapana."

"Asante kwa kuniambia."

Alivuta kigoda kingine, akakaa karibu naye, karibu kuliko mama mkwe anavyokaa na mkwe. Mpishi wa hospitali alirudi kwa ajili ya sare zake, akapewa, akaenda zake. Mwalimu akarudi kukaa pale pale.

"Sasa na mimi nikuambie," alisema. "Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, shemeji yako, alizaliwa mzima, mzuri, ana nywele tele. Nikamtazama nikaona kama ni mtoto wa mtu mwingine niliyeachiwa nimshikie. Watu wakaja kunipongeza. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Wakitoka, nageukia ukutani. Mkeo alikuwa na miaka mitano, nikampeleka kwa shangazi yake kwa sababu sikuweza kuvumilia hata kuitwa mama. Tuliwaambia watu ni malaria. Malaria ya miezi saba."

Dobi aliinua uso.

"Nilikuwa na jirani, mfumaji wa vitambaa. Alikuja kila asubuhi. Anamwogesha mtoto, anakaa na kazi yake pembeni yangu, anafuma. Hakuniambia nifurahi hata siku moja. Siku moja akaniambia, leo tunakwenda kumwona mtu anayejua mambo haya, na nguo zako nimeshazipiga pasi. Nikaenda. Nikapona. Na nilipopona, nikaona aibu, nikalifukia jambo lile kama halikuwa langu. Sijamwambia mtu mpaka leo hii." Akamgeukia. "Juzi nilipokukuta umelala, nilijiona mimi. Ndiyo maana nikakufokea. Nisamehe."

"Hakuna la kusamehe, mama."

"Lipo. Nisamehe tu."

"Nimekusamehe," dobi akasema. Kisha akauliza, "Ilichukua muda gani?"

"Kupona kabisa, karibu mwaka. Lakini nafuu ilianza mapema, ila sikuitambua. Siku moja niligundua tu kwamba nimeona njaa." Alimshika mkono. "Nataka mkeo ajue ulichoniambia. Sitamwambia bila ruhusa yako."

"Ataogopa."

"Ameshaogopa, mwanangu. Sasa hivi anaogopa gizani."

Jioni, Kifungo alipokuwa akicheza kwa jirani, Mwalimu na dobi walimweleza binti pamoja. Binti alimsikiliza mumewe bila kumkatiza, machozi yakimshuka, na alipomaliza alimlalia begani wakakaa hivyo. Yalipofika ya Mwalimu, mambo yalikuwa magumu zaidi.

"Nilikaa kwa shangazi miezi saba," binti akasema taratibu. "Nilidhani nimefanya kosa. Kila siku nilikuwa nahesabu makosa yangu nione ni lipi."

Mwalimu wa hesabu alifungua mikono, na binti yake, mwanamke wa miaka thelathini na sita, akaingia mle kama mtoto. Begi lile lililoachwa nusu tupu, Mwalimu alilisukumia chini ya kitanda usiku huo, akapanga nguo zake kwenye rafu.

Asubuhi walikwenda zahanati. Binti aliomba ruhusa kazini akachelewa kuipata, kwa hiyo Mwalimu alitangulia na mkwewe. Walipofika getini dobi alisimama. Ndani kulikuwa na mabenchi mawili marefu yaliyojaa watu, na wawili kati yao walikuwa wateja wake.

"Mama, turudi. Watu wananiona."

"Wanaona nini? Wanaona mkwe kamleta mama mkwe wake hospitali." Mwalimu aliinamisha mgongo, akamshika mkono, akaanza kuchechemea. "Twende, usiniangushe. Na uweke sura ya huruma."

Dobi hakucheka, ilikuwa mapema mno kwa kicheko, lakini pembe ya mdomo ilijisogeza. Wakaingia hivyo hivyo, na mama mmoja akampisha Mwalimu kwenye benchi akimpa pole ya miguu. Mwalimu aliipokea pole yote.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Aliuliza mengi: usingizi, chakula, kazi, mwili, pombe, lile wazo linalokuja na kuondoka. Hakuna swali aliloliuliza kwa haraka. Binti alipofika, akiwa bado anahema, daktari aliwaeleza wote watatu.

"Ugonjwa huu unaitwa sonona," alisema. "Si uvivu, na si kukosa shukrani. Unampata hata mtu ambaye maisha yake hayana tatizo, kwa hiyo msijiumize kutafuta nani kamkosea. Na unatibika. Nitakupa dawa, lakini usitegemee nafuu kesho. Inaweza kuchukua wiki nne, hata sita, ndipo uone tofauti. Mwanzoni inaweza kukupa kizunguzungu na kukausha mdomo. Usiiache bila kuniambia. Na kila Alhamisi utakuja tuzungumze."

"Tuzungumze nini?" dobi aliuliza.

"Chochote. Nasikia ulikuwa hodari wa soga."

Kisha akawageukia wanawake. Akawauliza duka lina kemikali gani za kuondolea madoa. Zifungiwe kabatini, alisema, ufunguo akae nao mke, mpaka hapo watakapokubaliana vingine. Akaandika namba ya simu kwenye karatasi mbili, moja ya mgonjwa, moja ya nyumba. Wazo lile likirudi na lisiondoke, wasisubiri Alhamisi. Wapige simu au waje moja kwa moja, saa yoyote, na wasimwache peke yake. Mwisho akamwuliza binti, "Na wewe unalala?"

Binti akaanza kusema ndiyo, akashindwa kumaliza.

"Basi hilo nalo tulipangie," daktari akasema.

Wakalipangia. Mwalimu akachukua asubuhi za kumwandaa Kifungo, na Jumamosi mchana ikawa ya binti peke yake, asiulizwe anakwenda wapi. Jumamosi ya kwanza hakwenda popote. Alilala saa tano mfululizo, akaamka akiomba radhi, akaambiwa arudi akalale.

Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya. Dawa ilimtia dobi kizunguzungu, akataka kuitupa, na mara mbili ilibidi binti ampigie daktari simu. Mwalimu naye alikuwa na shule yake. Mdomo wake ulikuwa umezoea "changamka" na "tabasamu kidogo," na mara nyingi ilibidi aume ulimi. Alijifunza kuuliza, "Leo tufanye kitu gani kidogo?" Siku moja kile kidogo kilikuwa kuoga. Siku nyingine kukaa uani dakika kumi. Siku nyingine hakikuwepo, na Mwalimu alileta uji, akakaa pembeni na gazeti lake, akijaza mafumbo ya namba bila kusema neno. Wateja aliwaeleza kwamba fundi anaumwa, nguo zitachelewa, anayetaka kuchukua zake achukue. Wachache walichukua. Wengi walisema watasubiri, kwani mashati yao walishayapeleka kwingine wakajuta.

Mtu mmoja hakuwa akionekana kabisa: fundi viatu wa kibanda cha tatu kutoka pale, rafiki mkubwa wa dobi, ambaye walikuwa wakicheza naye drafti kila jioni. Mwalimu alimfuata kibandani kwake.

"Umemkimbia mwenzako."

Fundi viatu aliweka nyundo chini. "Sijui niseme nini, mama. Nilipokwenda mara ya kwanza nilimwambia ajipe moyo, akanitazama kama nimemtukana. Naogopa kuharibu."

"Basi usiseme kitu. Chukua ubao wako wa drafti, njoo."

Akaja. Siku ya kwanza dobi alicheza kete tatu akachoka. Fundi viatu akakusanya ubao wake, akasema, "Kesho," akaondoka. Alikuja kesho, na keshokutwa, na siku zote baada ya kufunga kibanda. Hawakuzungumza zaidi ya "hiyo nimekula" na "zamu yako." Katika wiki ya tano, fundi viatu aliacha kete yake mahali ambapo hata Kifungo angeila. Dobi akaitazama, akamtazama mwenzake.

"Usiniachie," akasema. "Naumwa, sijawa mjinga."

Fundi viatu alicheka mpaka akashika mbavu. Jikoni, binti aliyesikia yote hayo alizima jiko, akasimama kimya, asije akapitwa na neno lingine.

Kuanzia hapo kukawa na nafuu, lakini haikuwa nafuu ya kupanda ngazi. Ilikuja na kwenda. Alianza kwa shati moja kwa siku, kisha matatu. Alianza kuhisi chumvi kwenye chakula, na siku moja akalalamika kwamba imezidi. Alhamisi alikwenda kwa daktari, mara nyingine akirudi mwepesi, mara nyingine amechoka kama aliyefua mablanketi. Kisha, wiki ya tisa, wakati wote wameanza kujiachia, aliamka siku moja na uso ule wa zamani. Binti alisimama mlangoni. Alidhani wamerudi walikotoka.

Dobi aliongea kwanza. "Leo ni siku mbaya," alisema kutoka kitandani. "Lile wazo limepita asubuhi, limeondoka, lakini sitaki kuwa peke yangu. Mtu akae karibu. Na mnipigie daktari."

Daktari aliongea naye kwa muda mrefu kwenye simu, akataka aletwe mchana huo huo, akamwongezea dawa kidogo. Binti alikaa naye siku nzima. Jioni, alipokuwa akikunja nguo na Mwalimu uani, alisema, "Mama, miezi ile yote alikuwa anazama kimya. Leo ameita."

"Nimesikia," Mwalimu alisema. "Kwa hesabu zangu, siku ya leo naihesabu kwenye upande wa faida."

Mwalimu alirudi kwake mwezi uliofuata. Alikuwa amekuja kwa wiki moja akakaa karibu miezi minne, na jirani yake aliyemwachia kuku alishaanza kuwaita kuku wake. Kabla ya kuondoka alimpigia simu mwanawe, yule wa pili, aliyekuwa akiishi mbali, akamweleza habari za mwaka aliozaliwa. Waliongea saa nzima. Alichojibu mwanawe Mwalimu hakukisema, ila alipokata simu aliomba chai, akainywa yote ikiwa bado inachoma.

Dobi aliendelea na dawa na Alhamisi zake. Duka likawa linafunguliwa asubuhi hadi saa nane, kisha linafungwa, na kibao mlangoni kikasema hivyo bila kujitetea. Mteja akimwuliza alikuwa wapi siku zote zile, mara nyingine alisema, "Nilikuwa naumwa," na mara nyingine, akimwona mtu wa kuelewa, alisema ugonjwa wenyewe kwa jina lake. Alishangaa ni wangapi waliovuta kigoda baada ya hapo na kueleza ya kwao.

Siku moja ya Jumamosi walitaka kupaka rangi ukuta wa duka. Binti alitaka buluu. Kwa karibu mwaka mzima mumewe alikuwa mtu wa "sawa" na "vyovyote utakavyo," na binti alikuwa ameizoea hiyo sawa kama mtu anavyozoea mzigo.

"Hapana," dobi akasema.

"Hapana nini?"

"Buluu hapana. Duka la dobi likiwa buluu, mashati meupe yanaonekana kama yametiwa bluu ya kufulia iliyozidi. Watu watasema naficha madoa. Nyeupe."

"Nyeupe inashika uchafu."

"Ndiyo kazi yangu hiyo, kuutoa."

"Ukuta nao utaufua?"

Wakabishana hadi chai ikapoa, kila mmoja akileta hoja ambazo hata mwenyewe hazimwingii. Kifungo alikuwa upande wa waridi na hakuna aliyemsikiliza. Walimpigia Mwalimu simu aamue, akasema yeye amestaafu. Katikati ya hoja ya mumewe kuhusu mwanga wa asubuhi, binti alijikuta anacheka, na kicheko kikageuka machozi, mpaka dobi akaacha maneno yake hewani.

"Nini tena?" aliuliza.

"Hakuna kitu," alisema mkewe, akijifuta kwa kiganja. "Endelea. Nibishie."

Walipaka nyeupe chini na buluu juu, na mstari wa katikati ulipinda, kwa sababu kila mmoja alishika upande wake wa kamba.